Mlango wa Upande wa Abiria

Kwa siku tatu Mansour, fundi wa bodi za magari huko Tottenham, London, alihangaika na mlango mmoja wa upande wa abiria. Gari lilikuwa la Bi Mwanamwema, mjane wa Kipemba. Mumewe alikuwa ameketi upande huo lori lilipowagonga, naye hakupona. Watu wa bima walitaka gari liuzwe kama vyuma chakavu, lakini mama huyo alikataa, akalileta gereji.

Mansour alilegeza bolti za bawaba, akausogeza mlango, akakaza tena. Juu ulikaa sawa, chini ukabaki mwanya wa kuingiza kidole. Ndipo alipopima fremu ya gari, akaona imepinda. Angeweza kuulazimisha mlango ukae vizuri machoni, ila gari likigongwa tena lisingemkinga mtu.

Bi Mwanamwema alipokuja, Mansour alimweleza yote bila kuficha.

"Lakini kwa nje linapendeza, mwanangu," alisema mama. "Nani atajua?"

"Mama, gari likitoka hapa, upande huu atakaa nani?"

"Mjukuu wangu. Nitakuwa nampeleka skuli."

Kisha Bi Mwanamwema akafungua mlango, akaketi pale alipofia mumewe, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Alilia sana. Mansour alizima redio, akatoka nje kumwachia nafasi.

Mama aliposhuka, alimkabidhi fundi ufunguo.

"Waite watu wa bima walichukue," alisema, akaenda kusubiri basi.