Friji ya Chanjo za Wasafiri

Jumatatu asubuhi Mama Sindano alifungua chumba cha chanjo za wasafiri, akafagia, akapanga pamba na spiriti mezani, ndipo akawageukia marehemu watatu waliokwisha kukaa kwenye benchi. Walikuwa wamekunja mikono ya mashati kama kawaida yao. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori, macho ya njano kama kiini cha yai. Homa ya manjano ilimmaliza huko nchi ya joto alikofuata mzigo, na chanjo yake alichomwa humu humu.

"Dada, leo dawa ipo?" dereva aliuliza.

"Ipo kaka, ila ni ile ile."

"Basi tunangoja."

Hawakuwa wasumbufu. Wasafiri walio hai waliwaomba wasogee kidogo, wakaketi. Wengine walitania kwamba marehemu wana baridi kuliko friji, na kweli walikuwa nayo.

Chumba kile kilikuwa na soketi moja tu. Kila mwisho wa wiki Daktari Mkuu alikuja na rafiki zake kutazama mpira. Friji ikachomolewa, televisheni ikachomekwa. Jumatatu Mama Sindano aliirudisha, dawa zikapoa upya. Dawa iliyooza kwa joto ikipoa tena, kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Aliwahi kulalamika.

"Sasa hivi imepoa, haijapoa?" Daktari Mkuu alimuuliza.

"Imepoa."

"Basi choma, mama."

Saa nne akaingia binti wa pekee wa Mama Sindano, amepata kazi nchi ile ile ya joto.

"Shikamoo mama. Nimekuja unichome, nasafiri baada ya wiki mbili."

"Marahaba."

Binti akaketi kando ya dereva, akakunja mkono wa blauzi. Marehemu wote wakamtazama mama. Mama Sindano alishika sindano, akaiweka chini.

"Shusha mkono wa blauzi. Nenda hospitali ya ng'ambo ya mto. Friji yao ina soketi yake."

"Mama, foleni ya kule si mchezo! Na dawa si mnayo hapa?"

"Nimesema nenda."

Binti akaondoka ananung'unika.

"Umefanya vyema, dada," dereva alisema. "Damu ni nzito. Mimi sikuwa na mama hapa."

Mama Sindano alichukua kitambaa. Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Daktari Mkuu akachungulia mlangoni. "Mbona foleni imelala?"

"Inakwenda, daktari."

Akamwita anayefuata. Aliingia mwanamke na mumewe, wamemshika mkono mtoto wa kike, wote watatu safari moja. Mama Sindano akavuta dawa, akapaka spiriti kwenye mkono mdogo wa mtoto.

"Angalia dirishani, mwanangu. Haiumi."

Nyuma yake marehemu wakasogea hadi ukutani, wakaacha nafasi ya watu watatu.