Pete Tupu Mbele ya Kamera

Reli nzima ilijua: kamera ikishuka kituoni, kufuli linafuata nyuma yake. Makao makuu walikuwa wanabadilisha safari. Walikuwa wameleta treni mpya ya kasi, ya kupita vituo vidogo bila hata kuvisalimia, na kabla ya kufunga kituo walimtuma kwanza mpiga picha awapige wafanyakazi wakiwa kazini, eti kwa kumbukumbu. Wafanyakazi wenyewe waliita jambo hilo kuosha maiti. Kuna mfagizi wa kituo kimoja alisimama na fagio lake, akatabasamu mpaka gego, na mlio wa kamera ulikuwa haujamtoka masikioni alipoambiwa arudishe fagio.

Kwa hiyo yule stesheni masta aliyeitwa Tahadhari, jina alilopewa kwa sababu hata chai iliyopoa alikuwa akiipuliza, alipomwona dada mmoja wa makamo anashuka na kamera shingoni na miguu mitatu ya chuma ya kuisimamishia kamera begani, alijua zamu yake imefika. Alimkaribisha. Akampa kiti chenye miguu yote minne, heshima ambayo hata mkaguzi hakuwahi kuipata. Lakini kila dada yule alipoinua kamera, Tahadhari alijikuta anashika ukuta, kama mtu anayehisi nyumba inaondoka.

Kituo kilikuwa chumba kimoja na jukwaa. Chumbani mlikuwa na simu ya kuzungusha mkono, benchi, na mashine nyekundu ya tokeni. Tokeni ni kibao cha shaba kinachojaa kiganjani. Kinatiwa kwenye mfuko wa ngozi, na mfuko unafungwa kwenye pete kubwa ya chuma ambayo stesheni masta humpa dereva mkononi. Njia ilikuwa moja tu, ya kwenda na ya kurudi, na sheria yake ilikuwa moja pia: huna tokeni, huna njia. Ikitoka upande huu, mashine ya upande wa pili inajifunga, hata uipige rungu haitemi nyingine. Taa na vibao vya ishara vilikuwa vimeshang'olewa, vitu vya zamani hivyo. Redio waliahidiwa, zikaja betri peke yake.

Asubuhi hiyo tokeni ilikuwa upande wa pili, mkononi mwa dereva wa treni ya kasi, na ndani ya treni hiyo alikuwamo mke wa Tahadhari, anarudi kutoka kumuuguza mama yake. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama kituoni inaisubiri ipite. Dereva wa mizigo alikuwa shemeji yake, kaka wa huyo huyo mke, mtu wa mzaha tangu tumboni. Husemwa kwamba mkunga alipompiga kofi la kwanza, yeye alicheka.

"Nimewapiga mkiwa mmekaa, nimewapiga mkiwa mmesimama," mpiga picha alisema. "Sasa nataka mnapokabidhiana ile pete. Treni inatembea. Nataka vumbi, nataka mikono."

"Mikono ipo, dada yangu," Tahadhari akajibu. "Tokeni ndiyo haipo. Iko njiani na treni ya kasi."

"Kwani kwenye picha nani atachungulia ndani ya mfuko?"

Hapo shetani akavuta benchi, akakaa.

"Tufanye, shemeji!" dereva akapaza sauti kutoka dirisha la injini. "Nipe hiyo pete tupu. Ninaanzia kule nyuma, naipokea hapa, nasimama mwisho wa jukwaa. Kituo chenyewe kinakufa, basi kizikwe na sura nzuri. Au unaogopa kipara kitaonekana?"

"Kipara kina kofia, shemeji. Ubongo wako ndio hauna kifuniko."

"Dada, umemsikia? Huyu ndiye niliyempa dada yangu. Bure kabisa, na nauli nikamlipia!"

Wakacheka wote watatu. Gadi wa treni, aliyekuwa behewa la mwisho kabisa, alipopata habari kwamba kuna picha, akavaa koti lake rasmi ingawa jua lilikuwa linachemsha reli.

Tahadhari alisita. Mtu wa tahadhari zote alisita pale, akaona haya kukataa kitu kidogo. Akachukua pete, mfuko wake mtupu unaning'inia, akasimama ukingoni mwa jukwaa. Treni ikarudi nyuma, ikapiga honi, ikaja. Mpiga picha akapiga goti. Shemeji mtu akatoa mkono wa kushoto dirishani, kidevu juu, meno yote nje, macho kwenye kamera. Pete ikapita kutoka mkono hadi mkono. Kamera ikalia.

Sasa sikia jambo ambalo hawakulifikiria, na ambalo mtu asiye wa reli asingeweza kulikosea. Kwa madereva wa njia ile, mkono wa kushoto ukipokea pete, mkono wa kulia husukuma mwendo. Hawafikirii, kama wewe usivyofikiria kumeza baada ya kutafuna. Mke wa dereva huyo aliapa kwamba mumewe akilala, ukimvalisha bangili mkono wa kushoto, wa kulia unasukuma blanketi mpaka linaanguka.

Injini ikanguruma. Mwisho wa jukwaa ukaja, treni haikusimama.

"Ah, huyu!" Tahadhari alicheka. "Anatutania."

Mabehewa yakapita, moja baada ya jingine, yanaongeza kasi. Kicheko kilibaki usoni pake lakini ndani kilikuwa kimeshakufa. Behewa la mwisho likapita na gadi kasimama mlangoni, kifua mbele, anapiga saluti kwa kamera. Tahadhari akapunga mikono yote miwili, akapiga kelele. Gadi akaongeza saluti.

Kisha likabaki vumbi.

Alikimbilia ndani, akazungusha simu. Mkono wake nao ukafanya mazoea yake, ukapiga kituo cha katikati, pale ambapo mwenzake angetoka na bendera nyekundu na kuzisimamisha zote mbili. Simu ikaita. Ikaita tena. Ndipo akakumbuka kwamba kituo kile kilipigwa picha wiki iliyopita. Simu ilikuwa inaita ndani ya chumba kilichofungwa, juu ya meza isiyo na mtu, na yeye alisimama anaisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza hatua za mwizi darini. Akakata, akapiga kituo cha mwisho wa njia.

"Imeshatoka zamani!" wakamjibu. "Ilivyo na kasi, ni ndege iliyosahau mbawa. Vipi, kwema?"

Aliiacha simu inaning'inia.

"Kuna nini?" mpiga picha akauliza mlangoni.

"Mke wangu yuko kwenye treni ile," alisema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Na kaka yake yuko kwenye hii. Na njia ni moja."

Akanyakua bendera nyekundu, akakimbia.

Reli hukizunguka kilima kilicho mbele ya kituo kama mkanda unavyozunguka kitambi, na treni ya mizigo ikipanda pale huenda pole kiasi kwamba watu husema kuku alishataga behewa la mbele akaangua behewa la nyuma. Njia ya mbuzi hukata katikati. Tahadhari aliipanda njia hiyo kwa miguu na kwa mikono. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Miiba ilichukua sehemu yake ya suruali. Hakuwa anamwomba Mungu kwa maneno mazima. Alikuwa anasema "bado, bado, bado" kila alipovuta pumzi. Alipokaribia juu akasikia honi ya mbali, nyembamba, ng'ambo ya kilima. Haikuwa ya mizigo.  Akaongeza mwendo.

Nyuma yake alisikia mtu anahema. Mpiga picha alikuwa anamfuata, kamera inamdunda kifuani.

Walitokea kwenye kona wakati injini inajitokeza chini, inapanda taratibu. Tahadhari akasimama kando ya reli, akaitikisa bendera nyekundu mpaka mti wake ukalia.

Na shemeji yake akamwona. Akaiona bendera, akamwona na dada mwenye kamera pembeni. Akaiweka kofia vizuri. Akatoa kiwiko dirishani, akageuza uso kidogo upande, upande wake mzuri, akatabasamu.

 Mtu yule alidhani anapigwa picha nyingine.

"Simama! Mfuko mtupu! Simama!"

Injini ilimeza maneno. Dereva akapiga honi mara mbili, za furaha.

Basi Tahadhari akaitupa bendera, akaruka katikati ya reli, akainua mikono yote miwili juu. Mataruma yalikuwa yanatetemeka chini ya mguu usio na kiatu, na hakujua yanatetemeshwa na treni ipi. Mbele yake uso wa injini ulikuwa unakua, na juu yake uso wa shemeji bado unacheka, unatikisa kichwa, kama anayesema: leo umenoga, leo hata wewe umekuwa mchekeshaji.

"Anadhani ni mchezo!" Tahadhari akalia. "Dada, anadhani ni mchezo!"

Mpiga picha alitazama injini. Akatazama kamera yake, iliyokuwa na nyuso zote za vituo vyote alivyopita. Akaivua shingoni, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaipiga kwenye reli. Kioo kikaruka. Akaiokota, akaipiga tena, mpaka filamu ikatoka nje kama utumbo.

Tabasamu likamtoka dereva. Alijua watu wa kila namna, lakini hakujua mpiga picha anayevunja kamera yake kwa ajili ya picha. Akashusha macho kwenye pete iliyokuwa begani mwake. Akatia vidole kwenye mfuko wake wa ngozi, vikakuta hewa.

Breki zililia kilio ambacho, wasemao husema, kiliwafanya ng'ombe wa bonde zima wasitoe maziwa siku hiyo. Chuma kilikuja, kilikuja, kikasimama karibu kiasi kwamba Tahadhari alihisi joto lake kwenye kope.

Hakukuwa na muda wa kushukuru. Aliokota bendera, akaipa injini mgongo, akakimbia tena kufuata reli, mguu mmoja peku juu ya kokoto. Treni ya kasi ilikuwa inateremka kutoka ng'ambo, nyeupe, kimya kuliko kinavyostahili kitu kizito namna ile. Dereva wake hakuwa ameambiwa habari zozote za picha. Aliona nyekundu, akaamini nyekundu.

Ilisimama. Kati ya treni mbili palibaki nafasi ambayo mzee mwenye pumzi fupi angeivusha mate.

Abiria walitoa vichwa madirishani, wanauliza, wanalaumu. Mlango mmoja ukafunguka, mwanamke akashuka na kapu lake, akaja anakanyaga mataruma. Alimtazama mumewe: kiatu kimoja, suruali nusu. Alifungua kinywa kumsema. Akatazama nyuma yake, akaiona injini ya kaka yake iko pale ilipo, kwenye njia ile ile. 

"Kaka yuko wapi?"

"Yuko ndani."

Alikuwa ndani kweli, ameganda kitini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeachia pete, lakini wa kulia ulikuwa umeng'ang'ania kishikio cha mwendo, na vifundo vimekuwa vyeupe.

"Shemeji," Tahadhari alisema polepole, "inabidi urudi nyuma mpaka kituoni. Treni ya watu ipite."

"Siwezi."

"Unaweza. Ni kurudi tu."

"Hunielewi." Mtu yule wa mzaha hakuwa na mzaha hata kidogo usoni. "Sikusukuma mimi. Mkono umesukuma wenyewe. Mimi nilikuwa nacheka. Je, ukisukuma tena? Ukisukuma mbele?"

Tahadhari alitaka kumwambia haitawezekana. Lakini alikumbuka mkono wake mwenyewe kwenye ile simu, ukipiga kituo kisicho na mtu. Walitazamana, wanaume wawili walioanza kuogopa mikono yao.

Mwanamke alipanda ngazi ya injini, akaweka kapu chini. Hakuuliza nani amekosa. Alimfungua kaka yake vidole, kimoja kimoja, kama anavyofunguliwa mtoto aliyeshika kisu.

"Nipe huu," alisema. "Una mwingine wa kuendeshea."

Aliupakata mkono wa kulia wa kaka yake mapajani, akaushika kwa mikono yake yote miwili, akaubana. Tahadhari akasimama mlangoni, macho nyuma, anatoa amri kwa sauti iliyokauka. Gadi akatikisa bendera ya kijani kule mwisho. Mpiga picha alikaa sakafuni mwa injini na vipande vya kamera yake kwenye kanga aliyovua mabegani.

Treni ikaanza kurudi nyuma, kwa mkono mmoja, polepole kuliko mtu anavyotembea. Kila ilipotikisika kwenye maungio ya reli, ule mkono uliopakatwa ulishtuka, ukataka kwenda. Na kila uliposhtuka, dada mtu aliubana zaidi, akasema kwa sauti ya chini, "Tulia," kama anasema na mnyama.