Utepe Mweusi Kwenye Dashibodi

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, napiga magoti uani na kuvuta kipande cha boksi nilichokiacha chini ya injini jioni. Vitabu vilinishinda, shule niliiacha darasa la nne, na sidhani kama ilinililia. Lakini boksi nalisoma. Tone jeusi ni oili, na oili ya gari langu huvuja kwa adabu, matone matatu tu hadi kuche. Tone jekundu ni la gia. Jumatano ile nilikuta la kijani, dogo kama kifungo cha shati, bado bichi. Kijani ni maji ya rejeta. Nikaligusa, nikalinusa.

Gari langu limetembea kilomita laki nne na elfu kumi na moja. Watu huniuliza siri yake, nami hupenda kuulizwa. Oili hubadilishwa kila kilomita elfu tano, si elfu tano na mia mbili. Chujio la hewa hukung'utwa kila Jumapili. Mpira wa maji ukianza kupasuka hauambiwi ungoje. Kitu kizee kinataka kusikilizwa, basi. Maneno hayo nilikuwa nayasema mbele za watu, mkono mfukoni, bila haya.

Ijumaa nilikuwa nimpeleke binti yangu hospitali kubwa ya mjini, kilomita sitini na tatu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, amelala kama gogo kizingitini, na mkunga alisema lazima mama awe karibu na chumba cha upasuaji wiki nzima kabla ya siku zake. Mkwe wangu yuko kazini mbali, mkataba haumruhusu kurudi. Na gari la wagonjwa la kituo chetu? Lipo. Limepandishwa juu ya mawe, magurudumu yamekwenda yalikokwenda, na kuku wa mlinzi wanatagia kwenye machela. Wakubwa hulipita wakienda kikaoni kuzungumza mambo ya afya.

Mimi na wakubwa hatuivi. Mke wangu ana miaka mitatu ardhini, na ndani ya miaka hiyo nimekwenda ofisini kwao mara kumi na moja. Mara ya mwisho karani hakuinua hata macho. Alinielekeza kwa kidevu kwenye sanduku la maoni ukutani. Nikalisogelea. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa utepe wa kahawia.

"Lilijaa," akasema karani. "Ndiyo maana tukaliziba."

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka watu wakanipisha. Mtaani wananiita Mzee Malalamiko. Na waniite.

Asubuhi hiyo ya tone la kijani nilimkuta binti yangu jikoni, ameegemea meza, mkono mmoja kiunoni, mwingine unakata kitunguu.

"Baba, nimeshaongea na jirani mwenye teksi," alisema kabla sijakaa. "Ijumaa saa moja atanipitia."

"Teksi? Na mimi je? Mimi ni dereva wa maiti?"

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Kisu kikasimama.

"Umesema mwenyewe, Baba."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Gari lile sipandi. Mama alilipanda."

"Mama yako aliuawa na barabara! Na gari la wagonjwa lisilo na tone la mafuta! Nilisema pale makaburini, diwani akiwa mbele yangu na miwani yake ya jua."

"Najua ulivyosema. Mtaa mzima unajua." Akarudia kitunguu chake. "Nami nasema sipandi."

Nilitoka bila chai. Ndani ya gari mikono ilikosa pa kukaa. Niliwasha redio, nikaizima, nikafungua kioo, nikakifunga. Niliapa kwamba ifikapo Ijumaa gari litakuwa zima kiasi kwamba binti yangu ataona haya. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi.

Fundi wangu anaitwa Kumi na Nne, kwa sababu hata umpelekee kitasa cha mlango, cha kwanza atakachotafuta ni spana namba kumi na nne. Ni mtu wa rika langu, mwenye tumbo linaloingia gereji kabla yake. Alimulika tochi chini ya injini, akapitisha kidole, akanionyesha.

"Pampu ya maji. Imechoka, mzee mwenzangu. Kama sisi."

"Jisemee mwenyewe. Badilisha."

Alikuwa nayo rafuni. Alifanya kazi mpaka jua likawa utosini, nami nikizunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mara mbili alinipa kigoda, mara mbili nikakaa juu yake na kusimama. Alipomaliza kufunga na kujaza maji, aliingia kwenye kiti cha dereva, akazungusha ufunguo nusu, bila kuwasha. Huo ni mtindo wake kila amalizapo kazi kubwa. Taa zote za dashibodi sharti ziwake kwanza, zijitambulishe kama wanafunzi wanaoitwa majina, ndipo injini iwashwe na zenyewe zizimike.

"Oili ipo," alihesabu kwa kidole. "Betri ipo. Breki ipo. Ya joto..." Akainama. "Ya joto haipo darasani."



Akapitisha ukucha juu ya plastiki nyeusi. "Kumbe ni utepe. Ule wa mafundi umeme. Umeshika vumbi mpaka umefanana na dashibodi. Nani alibandika?"

"Nililinunua hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo? Gari hili nalihudumia tangu watoto wako wana meno ya maziwa. Ngoja niutoe, maana..."

Nilimshika mkono. Sijui nilishika kwa nguvu gani, ila aliutazama mkono wake kwanza, kisha uso wangu.

"Acha," nikasema. "Shuka. Nipe ufunguo."

"Bwana, hatujatoa hewa! Hewa ikibaki kwenye mabomba ya maji, injini itachemka..."

"Nitaitoa mwenyewe!"

Nikaondoka na boneti halijafungwa vizuri, likigonga njia nzima, ko, ko, ko.

Sikwenda nyumbani. Nilizunguka sokoni, nikazunguka uwanja wa mpira, nikapita barabara ile ile mara tatu kama mtu aliyetumwa akasahau kitu. Kila nilipotazama mbele, jicho lilishuka lenyewe kwenye ule mraba mweusi, mdogo kama ukucha wa kidole gumba.

Niliubandika mimi. Taa ile ilikuwa imeanza kuwaka miezi miwili kabla ya mke wangu kuugua. Inawaka kilimani, inazimika bondeni. Kumi na Nne aliniambia feni inachelewa kuzunguka, kuna swichi ya kubadilisha. Nikamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa nyingine. Nami siwezi kuendesha huku kitu chekundu kinanikodolea macho.

"Hicho ulichobandika ni nini?" mke wangu aliniuliza siku ile, akiwa kiti cha pembeni na kikapu mapajani.

"Taa ya uchonganishi," nikamjibu. "Inawaka wakati gari halina neno."

Alicheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kama anayepiga chafya kwa siri. Akasema, "Siku nikilalamika mno, nami utanibandika."

Kisha ikaja ile asubuhi. Kifua kinambana, mkono wa kushoto mzito. Tulikwenda kituoni, gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Hiyo ni kweli na nitaisema mpaka nizikwe. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Hiyo nayo ni kweli. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kilima cha mikaratusi injini ilipiga mluzi, mvuke ukafunika kioo, gari likasimama. Tukangoja kwa saa tatu. Alinishika kidole kimoja tu, hiki cha shahada. Alikiachia kabla lori la kwanza halijatokea.

Nilipokuwa nangoja, niliweka ncha ya kidole juu ya utepe. Ulikuwa wa moto. Chini yake taa ilikuwa inawaka, sijui tangu kilomita ipi.

Makaburini nilisema habari za mafuta na barabara. Watu walitikisa vichwa, mmoja akasema "Sema, mzee!" Basi nikasema, na sikuacha kusema. Injini ikafumuliwa, gasketi ikabadilishwa, ile swichi nayo, yote kwa fundi wa mjini, maana Kumi na Nne angeitafuta ile taa. Utepe niliuacha. Kuubandua kungekuwa kama kumwambia mtu.

Alhamisi nilifungua kifuniko cha rejeta, injini ikiunguruma polepole, nikatazama mapovu yakipanda mpaka yakaisha. Nikadhani yameisha. Saa kumi jioni nilimwita binti yangu uani.

"Sitaki kukubembeleza," nilimwambia. "Kaa tu kwenye kiti cha dereva, uzungushe ufunguo nusu. Hesabu taa."

Alinitazama kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Lakini alikaa, tumbo likigusa usukani, akazungusha.

"Tatu."

"Zinatakiwa nne."

Nikaingiza mkono dirishani na kuubandua utepe. Ulitoka kwa shida, ukaacha gundi pembeni. Chini yake mwanga mwekundu ukachomoza, mkali, kana kwamba miaka yote hiyo ulikuwa umebana pumzi.

"Hii ni ya joto la injini," nikasema. "Siku ya mama yako ilikuwa inawaka. Sikuiona."

"Nani aliiziba?"

"Mimi."

Nilitaka kuongeza barabara. Nilitaka kuongeza mafuta, diwani, miwani. Yote yalikuja mdomoni kama kawaida yake, yakapanga foleni. Nikafunga mdomo. Binti yangu alizima ufunguo, akaitazama dashibodi iliyokuwa sasa giza. Kisha akashuka, taratibu, akiushikilia mlango, akaingia ndani. Hakuubamiza mlango wa nyumba. Laiti angeubamiza.

Ijumaa boksi lilikuwa na matone matatu meusi, basi. Saa moja teksi ikapiga honi. Binti yangu akatoka na begi lake, akalipita gari langu, akainama dirishani kwa jirani, wakanong'onezana. Nami nimesimama na kitambaa mkononi, nafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Ghafla nikasikia mlango wangu wa pembeni unafunguliwa.

"Yeye atatufuata nyuma," akasema, akijiweka vizuri kitini. "Na wewe, Baba, kaa hivi, usiizibe ile taa. Nataka niione."

"Mzee!" jirani akapaza sauti. "Leo nakusindikiza kama mkubwa! Unikumbushe tu, mkubwa gani anatangulia na gari linalokohoa?"

Tuliondoka. Alitoa leso, akailowesha mate, akaanza kusugua ile gundi polepole, huku macho yake hayabanduki kwenye taa. Mimi nilitazama mashimo. Usukani niliushika kwa mikono miwili, kama mtu anayejifunza.

Tulipofika nusu ya kilima cha mikaratusi, taa ikapepesa. Ikazimika. Ikapepesa tena, ikakaa.

"Baba."

"Nimeiona."

Nikaenda pembeni, nikazima injini. Hapakuwa na mvuke, wala mluzi. Gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. Jirani akasimama nyuma yetu, akaja akivuta suruali juu.

"Mbona mmesimama?"

"Taa imewaka," nikasema.

"Lakini si linakwenda?"

"Linakwenda." Nikachukua begi kiti cha nyuma. "Hewa imebaki kwenye mabomba. Mpeleke wewe. Mimi nitangoja lipoe." Nikamgeukia binti yangu. "Shuka, mama. Panda teksi."

Nilidhani atasema, nilikwambia. Alishuka, akasimama karibu nami kitambo, hata nikaisikia pumzi yake nzito. Kisha akaniwekea ile leso mkononi.

"Haijatoka yote," akasema. "Malizia. Halafu uje. Usije mbio."

Teksi ikapanda, ikapinda, ikapotea. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni, alipokuwa amekaa yeye, alipokuwa amekaa mama yake, nikasugua gundi. Baadaye akaja kibarua mmoja wa barabara, koleo begani, aliyekuwa anafukia mashimo kwa udongo ambao mvua ya kwanza itaubeba. Akalitazama gari, akanitazama, akasikitika.

"Barabara hii, mzee! Imekumaliza, eh? Wakubwa wamelala kabisa."

Alikuwa ananipa sahani iliyojaa, na njaa nilikuwa nayo.

"Wamelala kweli," nikasema. "Ila leo ni mimi. Niliacha hewa ndani."

Akaendelea na koleo lake. Niligusa kifuniko cha rejeta kwa mgongo wa mkono, bado cha moto. Nikangoja upepo wa mikaratusi ufanye kazi yake. Nikagusa tena. Nikafungua, nikajaza maji, nikawasha, nikatazama mapovu yakipanda, na safari hii sikuharakisha kudhani yameisha. Nilihesabu mpaka mia moja bila povu hata moja. Nikazima, nikafunga.

Ndipo nikaingia upande wa usukani, nikazungusha ufunguo nusu. Oili ipo. Betri ipo. Breki ipo. Nikaishia hapo kidogo, kidole hewani, kabla ya kuita ya nne.