Feni ya Basi Namba Kumi na Saba

Trela lilikuwa limekwisha, au ndivyo Msumari alivyojidanganya. Miezi mitano alilijenga nyuma ya nyumba kwa mikono yake na kwa hasira zake: ekseli ya gari la mizigo lililopinduka, mabati ya mabasi yaliyokatwakatwa, kitanda cha mbao, sinki dogo. Jina hilo la Msumari alipewa na wenzake wa karakana ya mabasi, kwa sababu jambo likishamwingia halitoki.

Lililomwingia safari hii ni pumzi ya mkewe. Binti yao wa pekee alikaribia kujifungua, na kwake ni mwendo wa siku tatu. Mama mtu aliapa kwamba mjukuu atampokea kwa mikono yake. Lakini kulala chumba kilichofungwa hawezi. Miaka kumi na tisa alishona viti vya mabasi katika banda la karakana hiyohiyo, lisilo na dirisha, akivuta gundi na vumbi la sponji mpaka mapafu yakazeeka kabla yake. Vyumba vya wageni vya njiani vilishamrudisha nyumbani mara mbili. Kwa hiyo ama trela lipumue, ama bibi asimwone mjukuu.

Paani Msumari alifunga vifuniko viwili vya hewa vya basi, vile vya kuinua kwa mkono, midomo yake ikitazama mbele. Alivijua kama vidole vyake. Ndani akaning'iniza vipande vya kitambaa chekundu, akalifunga trela nyuma ya pikapu, wakazunguka mtaa. Mkewe aligeuka kuchungulia kupitia kidirisha cha mbele.

"Vinacheza!" akapiga kelele. "Baba, vinacheza kama watoto waliofunga shule!"

Msumari akavimba kichwa. Waliporudi uani, mkewe akashuka, akafunga mikono kifuani.

"Sasa tuone likisimama."

"Likisimama kwa nini?"

"Kwani tutalala likiwa linakimbia? Nani atashika usukani, malaika?"

Hilo Msumari hakuwa amelifikiria. Maisha yake yote ameyapa hewa magari yanayokwenda. Kwake gari lililosimama ni gari linaloumwa, na linaloumwa linaletwa gereji, halilaliwi.

Mkewe akaingia, akafunga mlango, akajilaza. Jua lilikuwa utosini, upepo hakuna. Vile vitambaa vikaning'inia kama ulimi wa mbwa mchovu. Hazikuisha dakika kumi, mlango ukasukumwa, akatoka ameshika fremu, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikipiga filimbi. Msumari akamkalisha kwenye kigoda, akamletea dawa yake ya kuvuta, akampepea kwa kofia.

Pumzi ilipomrudia, Msumari, kwa aibu tu, akasema:

"Si utafungua mlango, basi."

Mkewe akainua macho.

"Rudia."

Hakurudia. Alikuwa ameyasikia mwenyewe yakimtoka.

Maana maneno hayo yana mwenyewe. Siku moja wafanyakazi arobaini na watatu wa banda la viti waliweka sahihi kwenye barua ya kuomba feni. Feni moja. Barua aliiandika huyuhuyu mama, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Nyapara wao aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba, kisha akasema: "Si mfungue mlango, basi." Na mlango wa banda lile ulifungukia wapi? Kwenye banda la kupulizia rangi. Wapo wanaosema hayo ni ya zamani, tuyaache. Kuyaacha ni rahisi ukiwa na mapafu mazima. Msumari aliyajua majina yote arobaini na matatu, na yapi yameshaandikwa makaburini.

Asubuhi akaenda kwenye uwanja wa skrepa. Getini amekaa nani? Nyapara yuleyule. Kampuni ilimtupa kama alivyowatupa wenzake, ikamwachia kulinda mabasi yaliyokufa.

"Ehee, Msumari! Bado unatafuta feni?"

"Bado. Ila safari hii siombi, nang'oa."

"Lo! Miaka yote hii? Wewe una kinyongo."

"Nina kumbukumbu. Wewe ndiye uliyeisahau barua, mguu wa meza haujaisahau."

Nyapara akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Msumari akasubiri furaha imjie. Haikuja. Lakini hakwenda kumpigapiga mgongoni.

Chini ya dashibodi ya basi namba kumi na saba aliikuta: feni ndogo ya kupuliza kioo cha dereva kisishike ukungu. Kioo kilikuwa na feni yake. Akaishika mkononi, akakumbuka kwamba feni kama hizo alikuwa akizisafisha yeye, kwa brashi na mafuta, huku mkewe akikohoa upande wa pili wa ukuta. Na hakuiba hata moja. Alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Hilo nalo likamwingia, wala halijatoka mpaka leo.

Kifuniko kimoja akakigeuza kitazame nyuma, akafunga feni ndani yake ivute hewa ya darini na kuisukuma nje. Ilikuwa feni ya volti ishirini na nne. Yeye akaipa betri moja ya gari dogo, volti kumi na mbili, ikazunguka taratibu bila makelele. Chini, karibu na kitanda, akakata tundu, akapachika vile vidude vya plastiki vya kuelekeza hewa, vilivyokuwa vikiwapulizia dereva na kondakta ndani ya basi, hewa ya kivulini iingilie hapo. Kisha akachoma kitambaa kibichi ndani ya kopo. Moshi ukapanda, ukasita kidogo, ukaelekea kwenye feni kama aliyeitwa kwa jina.

"Usinigongee," mkewe akasema, akaingia saa ileile ya jua kali. Mlango ukafungwa.

Msumari akakaa juu ya tairi. Dakika kumi. Ishirini. Feni inavuma kidogo, ndani kimya. Akapanda ngazi, akaweka kiganja kwenye kifuniko: hewa ya moto ilikuwa inatoka, na harufu ya sponji mpya ya godoro. Hewa inatoka, sawa, lakini je, mwenye kuivuta? Akashindwa kuvumilia. Akagonga bati.

"Nini?"

"Unapumua?"

"Nilikuwa nimelala, baba! Mara ya kwanza kulala mlango umefungwa, na wewe unanigongea!"

Kitanda kikalia, akigeuka. Kisha sauti ikaja tena, ya chini.

"Kabla hatujaondoka kesho, niletee kalamu ya rangi."

"Ya nini?"

"Niandike nyuma ya mlango huu. Wewe unayajua majina ya barua ile, mimi nina mwandiko."

Msumari akashuka ngazi, akaanza kulitaja jina la kwanza kabla hajaipata kalamu.