Radi Yaitwa Barazani Temeke

Enzi za Mwingereza, masika moja, radi ilipiga choo cha Mwinyimvua, fundi cherehani wa Temeke, naye mwenyewe akiwa ndani. Makuti yaliruka, mlango ukapasuka, na Mwinyimvua akatoka mbio, mkono mmoja kashika msuli, wa pili kopo, hata akaangukia katikati ya arusi ya jirani. Hakuumia. Ila aibu ilimwelemea, akatafuta wa kumtwisha lawama.

Akampata Kasiani, seremala Mkristo kutoka bara, mpangaji wa nyumba ya pili. Mawingu yakitanda tu, Kasiani alitoka na mwavuli mweusi wenye ncha ya chuma.

"Radi hii umenitumia wewe," alisema Mwinyimvua. "Na huo mwavuli ndio bunduki yake."

"Ndugu yangu, mie najikinga mvua tu!"

Wakafikishana barazani, kwa hakimu Sheikh Mwinyikondo. Mwavuli ukalazwa mezani, umefungwa kamba usije ukafyatuka.

"Ilipopiga, radi ilisema nini?" hakimu aliuliza.

"Ilisema ghuuu!"

"Samahani, sheikh," alidakia Mwashamba, mkewe Mwinyimvua. "Tumefunzwa kwamba radi inamtakasa Mola wake kwa kumhimidi, na malaika nao kwa kumhofu. Radi ilikuwa katika tasbihi. Mume wangu ndiye aliyekuwa mahali pasipotajwa jina la Mungu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka, jambo lilimkaa rohoni. Aliyemo katika ibada atatumwaje na seremala kwenda kuvunja choo?

"Basi aulizwe mwenyewe," akaamua. "Tarishi, mwite."

Tarishi alikuwa mtu wa kutii. Akasimama kizingitini, akapaza sauti: "Radi! Radi! Unaitwa barazani!"

Umeme ukamulika hadi kwenye ndevu za hakimu. Kisha ngurumo ikashuka, mabati yakatetemeka, baraza likatawanyika. Mwinyimvua akajitupa chini ya meza. Akamkuta Kasiani keshafika, anapiga ishara ya msalaba.

"Na wewe unaiogopa?"

"Tangu utotoni! Ikinguruma nafungua mwavuli nisione mbingu."

Mwinyimvua akaona haya, safari hii haya ya kweli. Akaanza dua ya radi aliyofunzwa katika chuo cha Kurani, akaivuruga, akaianza upya. Kila alipokwama, Kasiani aliitikia, "Amina!"

Hakimu akachungulia chini ya meza. "Sogeeni."

"Na kesi, sheikh?" aliuliza Mwinyimvua.

"Radi tuliyoiita imemtaja Mola wake mbele yetu sote. Kesi imekwisha. Sogea, we mtu, mguu wangu uko nje!"

Mwashamba alikuwa uani, mvua ikimpiga usoni, anatabasamu. Umeme una khofu, na una tumaini. Yeye alikuwa na mihogo shambani inayongoja mvua.

"Nyie wanaume mnafanya nini humo?" aliuliza.

Chini ya meza, Mwinyimvua aliukamata mkono wa Kasiani, hakuuachia mpaka ngurumo ikahamia baharini.