Shikamoo ya Kituo cha Malindi

Tulikichimbua kituo cha kupima mvua cha Malindi, Malindi yetu ya milimani Usambara, kwenye tope, kisanduku kimebonyea lakini kizima, tukakileta ofisini Lushoto. Nilipokiunganisha na betri na kompyuta, maneno yakatokea kwenye kioo: Shikamoo. Malindi hapa.

Aliyekifundisha maneno hayo ni kaka yangu Alen, na Alen tulimzika wakati wa masika.

Vituo vyetu vyote vya kupima mvua na maporomoko, toka Soni hadi Malindi, vilizungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mashine kupeana taarifa, aliyoitunga yeye kwa adabu za nyumbani. Kituo kinaiamkia kompyuta kuu, na kisipoitikiwa marahaba hakisemi neno. Nilimcheka sana. Akasema mashine yake haitamvamia mkubwa kwa maneno.

Kisha mradi ukaamua vituo vyote nchini vitumie itifaki moja ya kimataifa. Sibishi, mtandao mkubwa hauendeshwi kwa mila za kila kilima. Lakini bosi wetu Zuberi, kwa kiherehere cha kuwafurahisha wakubwa, aliibadilisha kompyuta kuu kabla ya vituo, ikawa haijui tena kuitikia marahaba. Wiki ileile mlima ulishuka Malindi, ukachukua nyumba za bondeni, na Alen aliyekuwa zamu kituoni kule. Tangu hapo watu wanasema alijikalia juu na mitambo yake bila kumwonya mtu. Mama haendi tena kanisani. Anaogopa macho yao.

Shikamoo. Malindi hapa. Shikamoo. Malindi hapa. Ukungu ulikuwa umeziba dirisha, nami nilihisi kabisa kuna mtu amesimama mlangoni akingoja kukaribishwa.

"Kifute, Esteria, tuweke itifaki mpya," alisema Zuberi.

"Subiri kidogo, bosi."

Nikaandika kwa mkono wangu: Marahaba.

Kikamimina yote kiliyokuwa kimeyazuia. Vipimo vya mvua, vipimo, vipimo, kisha maneno aliyoyaandika Alen mwenyewe kule kituoni: Udongo unatembea. Simu hazishiki huku. Washeni king'ora, watu wa bondeni watoke. Mbona kimya? Basi nashuka kuwatoa mwenyewe.

Nililia bila aibu. Zuberi alisoma, akatafuta kiti akakaa. Nikampigia Mama, nikaweka spika.

"Mama, Alen alitoa taarifa. Alitoa mapema, maandishi yake ninayo hapa."

Alitaka nimsomee, nikamsomea hadi mwisho.

"Sasa mwanangu, mbona hakuitikiwa?"

Nilimsogezea Zuberi simu.