Mkono wa Tatu wa Mfungaji Bisi

Saa mbili asubuhi mfungaji bisi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawasha mshumaa. Kazi yake ilikuwa kujaza pakiti, kuukunja mdomo wake juu ya kipande cha bati na kuupitisha kwenye moto mpaka nailoni igandane. Mwenye karakana, shemeji yake, alisimama nyuma na simu akihesabu sekunde. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku moja, kwa hiyo haambiliki.

"Shemeji, tatizo nimeliona. Ni hii safari yako ya saa nne."

Saa nne ndipo alipokwenda kumnyonyesha mwanawe wa miezi saba, aliyebaki na mama mkwe nyumba ya tano kutoka pale. Safari hiyo ilikula pakiti arobaini.

"Na mtoto je?"

"Si mama yupo? Uji upo."

Jumatatu iliyofuata mfungaji alichipuka mkono wa tatu, chini kidogo ya kwapa la kushoto. Ulitoka dirishani, ukafuata kichochoro, ukaingia nyumba ya tano na kuanza kumbembeleza mtoto. Majirani walianika nguo juu yake, ila mablanketi mama mkwe aliyapiga marufuku. Waendesha baiskeli waliinama wakipita. Fundi cherehani alimshonea blauzi mpya, akalalamika kwamba mkono mmoja tu umemaliza jora zima.

Shemeji hakuridhika. Mkono mrefu kiasi kile kukaa bure njia nzima ni uzembe, alisema. Akaubania pakiti za bisi kwa vibanio vya nguo, wapita njia wajichagulie. Kisha akabandika ukutani karatasi yenye mshale unaopanda.

Kila saa nne maziwa yalimlowesha mfungaji kifua. Aliumia, akaendelea kufunga. Jioni alimkuta mtoto kashalala, na alfajiri alimwacha vivyo hivyo.

Jumapili, siku yake pekee ya kupumzika, alimpakata. Mtoto akautazama ule uso, akaangua kilio. Alipoguswa na mkono wa tatu akanyamaza, akakishika kidole.

"Pole, mwanangu," alisema mama mkwe. "Hebu kaa nyuma ya pazia, utoe mkono tu."

Akakaa nyuma ya pazia. Alilia kimyakimya huku upande wa pili mtoto akicheka hadi kwikwi zikamshika.

Jumatatu shemeji alimwuliza, kwa upole kabisa, kama mkono wa nne utachelewa.